Kistari

Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Niliitikia kwa ndani,
mikono imo chini ya kwapa za mama,
namgeuza alalie ubavu wa kibla.
Subiri, nikasema.
Mtu mzima hageuzwi nusu.

Karani alikaa barazani na daftari lake.
Jina? Mize Faki Shaame.
Umri? Arubaini na tatu, au na nne.
Una mume? Alikuwepo.
Alisema nyumba inanuka dawa.
Kazi?
Namuuguza mama.
Hilo nimeliona, bibi. Nauliza kazi.
Akapiga kistari.

Kidogo tu, kama uzi wa ukili ulokatika.
Miaka sita yangu imelala mle.

Usifunge daftari, kijana. Kaa.
Adhana ya alfajiri hunikuta nimeshafua.
Uji naupoza kikombe kwa kikombe, mara saba,
maana upande wake mmoja haujui moto
mpaka uwe umeshamuunguza.
Kidonge cha presha nakikata kwa wembe, nusu kwa nusu.
Kidonda cha kiunoni kilikuwa kama kungu;
njoo ukione leo, punje ya mtama.
Nani kakifunga? Chake ni mbali,
na gari ya kukodi humeza pensheni yake
kabla hatujafika njia panda.

Nilikuwa na kamba sitini za mwani.
Bamvua haimngoji mtu amalize kumpangusa mtu.
Kamba kachukua Hidaya. Simlaumu.
Lakini andika: sitini.

Kaka yangu yuko Unguja, ana kazi, imeandikwa.
Kila Idi hutuma doti ya kanga
na sauti ndefu kwenye simu:
Mwambie mama nampenda.
Namwambia.

Majirani wa hapa Maziwang'ombe ni watu wema.
Ujira wako, Mize, uko kwa Mungu.
Sikatai. Hilo langu na Mola wangu,
na sitaki serikali iingize mkono.
Ila dukani kwa Mbarouk
hawapimi mchele kwa thawabu.

Msimu wa karafuu mnaleta mizani.
Kilo inaandikwa, gramu inaandikwa,
hata makonyo, ndugu yangu,
hata makonyo yana bei.
Mie nimekuwa chini ya konyo?

Kwa hiyo wapelekee waliokutuma.
Kwanza, sheria inijue kwa jina.
Nesi wa shehia aipande njia hii kwa miguu yake,
asingoje nimteremshe mama kitandani
na vijana wanne wa kuazima.
Siku moja kwa wiki, moja tu,
aje mtu akae naye, nikaguse maji ya chumvi.
Na mwalimu Raya, aloacha chaki
kwa mtoto asoweza kukaa, apewe likizo,
na nafasi yake imngoje.
Posho pia, naam, nasema bila haya,
na isipitie kwa kaka.
Na akiba, japo ya kidole,
kwani mgongo huu unaombeba mama
nao utataka wa kuubeba,
na mie sikuzaa.

Karani kanyamaza. Kalamu kaiweka sikioni, kaitoa.
Kisha, kama anayejisemea:
Dada yangu yuko Konde na baba yetu.
Jana nilimhesabu.
Nikamuuliza ulimwandika nini.
Akatazama viatu vyake.

Ndani mama akatoa ile sauti yake,
si neno, ila mie naijua: maji.
Nikainuka. Nikampa kwa kijiko,
nikampangusa kidevu, nikangoja ameze,
kwa sababu kumeza kwake nako ni kazi
na huwa tunaifanya wawili.

Nilipotoka alikuwa bado kainamia ukurasa,
anatafuta kwa kufutia.
Usikifute, nikamwambia.
Kivute kifike mwisho wa karatasi,
kiwe mstari.
Halafu andika juu yake.